Yaliyo Chini ya Tuta

Karoti iliyong'olewa ikiwa na miguu miwili huchekesha kabla ya kusikitisha. Watoto huigombania, mmoja huivisha sketi ya majani, mwingine huitafutia jina. Mtu mzima akipita huitupia jicho la pembeni, maana miguu ile mara nyingine hukunjana kwa namna isiyo na adabu. Kisha kicheko hukoma, na aliyeipanda hubaki ameishika mkononi akiwa na swali linalomngoja kila mwenye bustani mpya siku yake ya kwanza ya kuvuna: imekuwaje? Majani yalistawi. Maji yalimwagwa asubuhi na jioni. Mbegu zilitoka dukani, kwenye pakiti yenye picha ya karoti iliyonyooka isiyo na doa. Kumbe chini ya tuta kulikuwa na habari nyingine kabisa, nayo ilikuwa ikiendelea kwa wiki nyingi, huku mwenye bustani akipita juu yake kila siku na kopo lake la maji.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ametandaza mavuno yake ya kwanza juu ya gunia barazani. Tunakaa pembezoni mwa Dar es Salaam, mahali ambapo kichanga cha pwani kimechanganyika na vifusi vya ujenzi. Ukipiga jembe mara mbili waweza kuibua kipande cha tofali, kizibo cha soda na nusu ya kandambili. Juu ya gunia palikuwa na karoti za miguu miwili na mitatu, nyingine zimepasuka kutoka kichwani hadi nchani, nyingine hazizidi dole gumba, nyingine zina mabega ya kijani. Kando yake palilala viazi vitamu vichache vyenye vitundu vidogovidogo, na fungu la figili ambazo zilikuwa majani matupu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Hebu njoo uone vioja." Hakuwa na huzuni wala haya. Alikwisha kuvipanga mafungu mafungu, kasoro kwa kasoro, akivikagua kwa utulivu wa mtu anayesahihisha madaftari, ambaye anajua kwamba makosa yanayofanana hutoka mahali pamoja.

Mzizi wa karoti huanza safari ukiwa mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Mbegu yenyewe ni mvivu. Huweza kukaa ardhini siku 10 hata 21 kabla ya kuchomoza, na wageni wengi wa kilimo huishiwa subira hapo, wakalitifua tuta na kumwaga mchicha. Ikishaota, ncha ya mzizi hushuka wima kufuata maji, muda mrefu kabla ya karoti kuanza kunenepa. Ni katika wiki hizo, wakati juu ya ardhi hamna cha kumwonyesha mgeni isipokuwa vijani viwili vyembamba, ndipo umbo lote linapoamuliwa. Ncha ikigonga kokoto, ikikwama kwenye udongo ulioshindiliwa, ikiunguzwa na samadi mbichi, au ikikatika kwa sababu mche umehamishwa kutoka kitaluni, hufa. Na pembeni huchipua ncha nyingine mbili au tatu, kila moja ikidai urithi. Unene huja baadaye na kufuata njia iliyokwisha kupasuliwa. Ndiyo maana karoti haihamishwi. Husiwa papo hapo itakapokulia. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji walimfikiria mfinyanzi na mzazi. Mwenye karoti naye ana haki ya kuidai methali hiyo, kwa kuwa tuta lisilolainishwa kabla ya mbegu halilainishwi tena mpaka siku ya kung'oa.

Kwa hiyo mzizi uliopinda ni kumbukumbu, na gunia la Mwalimu lilikuwa likisimulia msimu mzima kwa anayejua kusikiliza. Miguu miwili ilitaja vifusi. Mpasuko ulitaja siku za ukame zilizofuatwa na maji mengi kwa mpigo, nyama ya ndani ikavimba haraka kuliko ngozi ilivyoweza kutanuka. Mabega ya kijani yalitaja maji yaliyomwagwa kwa kishindo, yakauosha udongo shingoni, jua likafika mahali lisipotakiwa. Na wembamba ule, karoti tatu zimeviringana mahali pa moja, ulitaja jambo gumu kuliko yote kwa mgeni wa kilimo: huruma. Miche ya karoti hutakiwa kupunguzwa ingali midogo, ibaki kwa umbali wa sentimita 5 hadi 8 hivi. Maana yake ni kuinama na kung'oa kwa mkono wako mmea mzima usio na ila yoyote, kosa lake likiwa kuota karibu na ndugu yake. Anayeanza hawezi. Ameungoja mche ule wiki tatu, ameuona ukichomoza, sasa aambiwe autupe? Anaiacha yote iishi, na yote inaishi nusu. Figili nazo, ambazo kwa kawaida huwa tayari kwa mwezi mmoja hivi, zikibanana na kupigwa na joto hukimbilia majani na maua zikasahau kujaza mzizi. Huruma isiyochagua ina hesabu yake, na hesabu hiyo huletwa siku ya mavuno.

Hata hivyo si kila kilichopinda ni kigonjwa. Karoti kwa asili yake ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza hujiwekea akiba chini, wa pili huitumia akiba hiyo kutoa maua na mbegu. Jamaa yake wa porini ana mzizi mweupe, mwembamba, wenye matawi, na anaishi bila lawama. Kwa upande wa mmea, akiba iliyogawanyika miguu miwili ni akiba ile ile, na kwa upande wa ulimi, ukiimenya na kuikatia kwenye pilau, hakuna mlaji atakayeijua. Unyoofu ni matakwa yetu, ya mwenye kumenya na mwenye kupanga mafungu sokoni. Na soko lina hila yake. Karoti zinazofika Kariakoo kutoka Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, zimelelewa kwa ubaridi ambao pwani haina, kisha zimechambuliwa shambani, zikachambuliwa tena na mchuuzi. Anayeanza kulima Dar es Salaam huweka mavuno yake yote, mazuri na mabaya, mbele ya mavuno ya mwenzake yaliyochujwa mara mbili, halafu anajihukumu. Wala hazingatii kwamba joto la pwani peke yake laweza kuifupisha karoti na kuififisha rangi yake, hata mkono uliopanda ukiwa hodari vipi. Ni watu wangapi tumewaita wenye kasoro kwa kuwapima hivyo hivyo, ndani ya nyumba zetu, kwa watoto wa wengine tunaowaona siku ya sikukuu tu?

Tatizo la mzizi ni kwamba shahidi wake wa pekee ni jani, na jani ni shahidi wa kutiliwa shaka. Mchicha ukiugua utauona asubuhi ya pili. Nyanya hubeba aibu yake hadharani, tunda likioza kila mtu analiona. Lakini mwenye viazi vitamu anaweza kupita miezi minne akisifiwa njia nzima kwa marando mazito yaliyofunika ardhi, kisha akichimba akakuta vimizizi vya kuchezea watoto. Sababu yake mara nyingi ni shibe: samadi nyingi au urea nyingi, naitrojeni ikauambia mmea kwamba dunia ni njema na hakuna haja ya kuweka akiba. Mmea ukajenga majani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ila hata hapo mashtaka yanategemea mshitaki. Kwa mama anayeuza matembele asubuhi, mafungu yamefungwa kwa ukindu na kunyunyiziwa maji, marando yale ni neema tupu. Hakuja kwa kiazi. Naye anajua mengine: kwamba ukikata majani kila siku huwezi kudai kiazi kinene mwisho wa msimu, kwa kuwa kiazi hulishwa na jani lile lile ulilolipika na nazi. Kabla ya kuuliza mmea una ugonjwa gani, afadhali kuuliza tulikuwa tunautaka nini, na kama matakwa hayo mawili yanaweza kukaa shina moja.

Sehemu iliyobaki ya uchunguzi huharibiwa na swali baya. Kwetu mambo yakiharibika kuna swali linalotangulia mengine yote, nalo ni: nani? Mavuno yakidorora utasikia kuna mkono wa mtu. Yupo aliyepita akasifia majani bila kusema mashallah. Yupo mwenye kijicho. Yupo mwenye mkono mzito ambaye kila apandacho hudumaa. Timu ikifungwa tunatafuta mchawi, ofisi ikipata hasara tunatafuta mchawi, na lugha yenyewe imekwisha kuzoea, tunayatamka maneno hayo hata sisi tusioamini uchawi. Si kwetu tu. Mwaka 1845 viazi mviringo vilipoanza kuoza mashambani Ireland, balaa lililokuja kuua watu wapatao milioni moja, walikuwapo walioona ghadhabu ya Mungu na waliolaumu hewa na unyevu. Mwaka uliofuata, Miles Berkeley, ambaye mwenyewe alikuwa kasisi Uingereza, alitetea hoja kwamba ukungu ule uonekanao kwa darubini kwenye jani ndio chanzo cha kuoza, si matokeo yake. Wengi hawakumkubali upesi. Ramli humtafuta mtu. Jembe hutafuta sababu. Ubaya wa ramli kwa mkulima si kwamba inamkosea jirani tu, ingawa inamkosea. Ubaya wake ni kwamba jibu lake halina kazi ya kufanya shambani. Ukishamjua mwenye kijicho, kokoto bado imo ardhini.

Jembe lina utaratibu wake, nao hauhitaji shahada. Kwanza tazama wagonjwa ni wangapi: mmea mmoja, mstari mmoja, au tuta zima. Ugonjwa wa kuambukiza huanza mahali na kutambaa. Njaa ya udongo hushika eneo kwa pamoja. Maji mabaya hufuata bonde. Kisha chimba mmea unaoanza kuugua, uache uliokwisha kufa, maana mfu hushambuliwa na kila mpita njia na ushahidi wake umechafuka. Osha mizizi kwa maji taratibu. Ukikuta mafundofundo, usikimbilie hukumu. Kwenye kunde na maharage kuna vifundo vya heri, makao ya bakteria wanaourutubisha udongo. Ukivikwangua kwa ukucha hubanduka, na ukivipasua vikiwa hai ndani vina wekundu wa waridi. Fundo la minyoo halibanduki, kwa sababu si kitu kilichopachikwa. Ni nyama ya mzizi wenyewe iliyovimba kwa ajili ya mgeni aliyemo ndani. Karoti yenye minyoo fundo huota vinyweleo vingi na kupinda, na mtu akiitazama juu juu atasema ni kokoto. Kosa hapo lina gharama: mwenye kokoto atachekecha udongo, mwenye minyoo akichekecha atakuwa ameisambaza tuta zima. Dawa ya minyoo ni kulipumzisha tuta na karoti, kubadilisha mazao, na kuongeza mboji iliyoiva.

Njombe na Mbeya, kwenye viazi mviringo, kuna kipimo ambacho bwana shamba anaweza kukifanya juu ya meza ya chai. Shina limenyauka ghafla, majani yangali kijani, maji yapo. Unakata kipande cha shina karibu na ardhi, unakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, unatulia. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyembamba za rangi ya maziwa huanza kuteremka kutoka kwenye jeraha, hazitawanyiki, zinashuka moja kwa moja hadi kitako cha glasi. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayorudisha shina lile. Kilichopatikana ni ujuzi, nao unakuambia mambo machungu: ng'oa, choma, usipande hapo viazi, nyanya, biringanya wala pilipili kwa misimu kadhaa, wala usichukue mbegu humo. Anayetazama glasi ile kwa mara ya kwanza hutarajia kwamba kujua kutafuatwa na kuponya. Hakufuatwi. Mmea huu umekwisha. Kinachoamuliwa sasa ni yale yatakayopandwa.

Nikirudi kwenye vile viazi vitamu vyenye vitundu, aliyevitoboa anajulikana. Ni fukusi, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, ukimwona kwa haraka utadhani sisimizi. Funza wake huchimba ndani ya kiazi, na kiazi katika kujitetea hutengeneza uchungu ambao hautoki kwa kuchemsha. Ukikata kipande kizuri pembeni ya kilicholiwa, uchungu umefika kabla yako. Lakini fukusi huyu, pamoja na sifa zake mbaya, ni mchimbaji dhaifu wa udongo. Hawezi kuupenya. Anachofanya ni kungoja jua likaushe tuta, kiazi kinenepe na kuusukuma udongo, ufa utokee. Hapo huteremka kwa ngazi aliyowekewa. Ulinzi mkubwa dhidi yake hauuzwi dukani: ni kupita na jembe, au hata na mguu, kuziba nyufa na kupandishia udongo, na kutokawia kuvuna kiangazi kinapoingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeimba tangu shule ya msingi tukifikiria nyumba, deni, ugomvi wa mke na mume. Shambani methali hii haina fumbo. Ufa ni ufa, wa kuingia kidole, na unaona kabisa mahali pa kukanyaga.

Ninapokumbuka nyufa hizo humkumbuka pia bibi mmoja wa Muheza niliyewahi kumtazama akivuna kitoweo cha jioni. Hakung'oa shina. Alipiga goti, akasoma tuta kwa macho, akauona mpasuko ulipo, akapenyeza vidole, na kwa muda akawa kimya, uso umeinuliwa kama anasikiliza jambo la mbali. Chini huko vidole vilikuwa vikihesabu: hiki kidogo, hiki bado, hiki kimetosha. Akakivunja kimoja shingoni, akakitoa, kisha akafanya lile ambalo mwenye haraka hulisahau: akarudisha udongo na kuukandamiza kwa kiganja, mara mbili. Njia ile ina hekima ambayo vitabu vya kilimo huifikia kwa kuzunguka. Kati ya ujinga wa kungoja hadi mwisho bila kujua, na upumbavu wa kung'oa kila wiki ili kujihakikishia, ipo njia ya tatu ya kupapasa, kuchukua kidogo, na kuziba ulipoingilia. Wangapi wetu tumekagua ndoa, urafiki au imani kwa kuvichimbua kabisa, tukashangaa kwamba havikuota tena?

Kuna ugonjwa mmoja, hata hivyo, unaozidi mipapaso yote, na ulipata maelezo yake ya kitaalamu nyumbani hapa hapa. Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Ugonjwa wa batobato wa muhogo, ule unaokunja majani na kuyatia mabaka, ulikwisha kuandikwa tangu 1894 kutokana na ulivyoonekana nchi hii. Lakini mwaka 1936 mtafiti wa Amani, H. H. Storey, alieleza ugonjwa wa pili, wenye hila zaidi: michirizi ya kahawia. Mmea wenye michirizi unaweza kusimama mrefu na wa kupendeza. Majani ya chini hupata umanjano kando ya vena, jambo ambalo mwenye shamba hulihesabu kuwa ni uzee wa jani, na mara nyingi hulihesabu hivyo kwa haki. Mwaka mzima unapita. Kisha jioni ya Ramadhani mama anamenya muhogo wa futari, nje mweupe na mnene, anaupasua kwa kisu, na ndani anakuta kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia. Anakata kipande kibaya, anaingia ndani zaidi, bado. Nazi imekwisha kukunwa. Muhogo wote uliobaki kwenye sinia sasa unatazamwa kwa jicho jingine.

Lililo zito katika ugonjwa huu ni namna unavyosafiri. Nzi weupe huubeba, ila kwa mwendo mfupi, shamba kwa shamba. Safari ndefu huifanya sisi. Muhogo haupandwi kwa mbegu ya dukani. Hupandwa kwa pingili, na pingili katika pwani yetu ni kitu cha kuombana. Unamsifia jirani muhogo wake, anakukatia fimbo tatu za shina, unazifunga nyuma ya baiskeli, unampa dada yako wa Kisarawe mbili, naye anampelekea wifi yake. Hapana pesa iliyopita mkono. Ni wema mtupu, na ndani ya wema huo, chini ya gome, kirusi kimekaa kimetulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine nguo yenyewe umepewa zawadi. Tunarithi mapishi, sala, namna ya kuwalea watoto na namna ya kunyamaza kwenye misiba, vyote kwa pingili hizi hizi, kutoka kwa watu waliotupenda na ambao nao walipewa. Kumkasirikia aliyekupa hakuna maana. Yeye aliona majani tu, kama ulivyoyaona wewe. Lakini kupenda si sababu ya kupanda bila kupasua kwanza muhogo mmoja wa shina lile lile na kuutazama moyo wake.

Pale Amani, tangu miaka ya 1930, watafiti walianza kuuzalisha muhogo pamoja na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti wa mpira wa jamii yake, kutafuta mimea itakayovumilia. Kazi hiyo haikumsaidia mkulima yeyote ambaye muhogo wake ulikuwa umeoza mwaka ule. Matunda yake yanatambulika leo kwenye mbegu kama Namikonga, ambayo upande wa Kenya hujulikana kwa jina la Kaleso, yenye kuvumilia michirizi pale ambapo nyingine huanguka. Na ugonjwa wenyewe haukukaa ulipowekwa. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa nyanda za chini za pwani. Kuanzia 2004 ukaonekana ukisambaa Uganda, juu zaidi kuliko ulivyotarajiwa, na waliotaka kujua wapambane nao vipi walikuta wapo waliokwisha kuanza kujibu miongo saba nyuma. Hivyo ndivyo uchunguzi wa mzizi ulivyo, kwenye kituo cha utafiti na uani pia. Haumponyi mgonjwa aliye mbele yako. Jibu lake hufika msimu mmoja umechelewa, kwa ajili ya tuta ambalo bado halijapandwa na mlaji ambaye pengine hamtajuana.

Na kwa kuwa faida yake ni ya mwingine, aibu ndiyo adui yake mkubwa. Bustani zetu za uani zina tabia ya kuonyesha majani na kuficha mizizi. Karoti nzuri hupigwa picha na kupelekwa kwa shangazi. Mbaya hufukiwa shimoni pamoja na maganda. Mkulima mmoja walaji wengi, husemwa, lakini mkulima mmoja pia ana majirani wengi, na nzi mweupe hajui ua wala hati ya kiwanja. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha muhogo huliliwa na mtaa. Anayefukia muhogo wake mbovu usiku ili asichekwe amemwachia mwenzake akate pingili shina lile lile asubuhi yake. Anayeuweka uliopasuliwa juu ya ukuta wa ua, mchana, kila mtu auone, na kusema wazi kwamba wangu umeoza, msichukue mbegu kwangu mwaka huu, kaulizeni kwa bwana shamba, huyo atachekwa kidogo na wapo watakaomnong'ona kuwa ana mkosi. Wamnong'one. Wakishamaliza, watakwenda kuchimba kwao.